Utitiri wa Sungura: Kwa Nini Mwasho Hurudi Baada ya Dawa

Sungura amejikuna wiki nzima. Anapelekwa kwa daktari wa mifugo, anachomwa sindano moja, na baada ya siku chache ametulia: anakula, anarukaruka, sikio limeanza kusafika. Nyumba nzima inafurahi. Mwezi haujaisha, mguu wa nyuma unaanza tena kulipiga sikio lile lile. Watu huamua kwamba dawa ilikuwa feki, au kwamba utitiri umeizoea, wakaanza kutafuta kitu kikali zaidi. Mara nyingi dawa haikuwa na kosa. Iliua kila utitiri uliokuwa hai siku ile. Yaliyobaki ni mayai, na dawa ile haiui mayai.

Ukilielewa hilo moja, sehemu kubwa ya tiba inakuwa wazi. Kutibu utitiri ni kazi ya kuhesabu siku. Lakini huwezi kuhesabu sawasawa kabla hujajua ni utitiri wa aina gani, maana kila aina ina mahali pake mwilini na mwendo wake wa kuzaliana. Na kuna swali la tatu ambalo wengi hawaliulizi kabisa: kwa nini umempata sungura huyu, na kwa nini sasa?

Aina zenyewe

Utitiri ni jamaa wa kupe na buibui. Akikomaa ana miguu minane. Jambo hili linagusa mfuko wako, kwa sababu dawa nyingi za matone ya viroboto zilitengenezwa kuua wadudu wa miguu sita. Imidaklopridi, kwa mfano, ni nzuri kwa viroboto wa sungura, ila peke yake haimalizi utitiri. Mtu anaweza kununua dawa halali, akaitumia kwa uaminifu, na asione nafuu yoyote.

Unaojulikana zaidi ni utitiri wa masikio, Psoroptes cuniculi. Hauchimbi ngozi. Huishi juu yake, ndani ya tundu la sikio, ukila ngozi iliyokufa, mafuta, na majimaji yanayochuruzika ngozi inapovimba. Na ngozi huvimba kwelikweli, kwani kinyesi na mate yake huamsha mzio. Majimaji hayo hukauka, yakachanganyika na damu na uchafu wa utitiri wenyewe, yakawa tabaka juu ya tabaka la kigaga cha rangi ya kahawia au kijivu. Kigaga huanzia chini kabisa ya sikio, ambako jicho halifiki, kisha hupanda. Kwa hiyo siku unayokiona ukiwa umempakata sungura, ugonjwa una muda tayari.

Dalili za mapema ziko kwenye tabia. Anatikisa kichwa. Anakuna nyuma ya sikio hadi manyoya yanakatika. Sikio moja linalala huku jingine limesimama. Anakwepa mkono ukikaribia kichwa, hata kama ni mkono anaoupenda. Kwa sungura wa masikio ya kulala dalili hii ya sikio kulegea haionekani, hivyo lazima uyainue na kuyachungulia kila wiki. Ukiuacha ugonjwa uendelee, bakteria huingia kwenye ngozi iliyochubuka, kiwambo cha sikio kinaweza kutoboka, na maambukizi yakifika sikio la ndani sungura hupinda kichwa upande mmoja, huzunguka, huanguka. Utitiri huu pia haubaki sikioni tu. Katika hali mbaya hushuka usoni, shingoni, na hata kuonekana karibu na mkia, kwa sababu sungura hujikuna na kujilamba na kuusambaza.

Wa pili ni utitiri wa manyoya, Cheyletiella parasitovorax, ambao wafugaji wengi huuita mba inayotembea. Una ukubwa wa karibu nusu milimita. Mchane sungura juu ya karatasi nyeusi, kisha tazama kwa utulivu: baadhi ya chembe za mba huanza kusogea. Hupenda katikati ya mabega, kisogoni, na kwenye mstari wa mgongo hadi karibu na mkia. Manyoya hupungua, mba nene huonekana chini yake, na mwasho unaweza kuwa mdogo au usiwepo kabisa. Sungura wengi wenye afya hubeba utitiri huu kwa idadi ndogo bila dalili yoyote. Nitaurudia huu baadaye, kwa kuwa ndio wenye habari zaidi kuliko inavyodhaniwa.

Wa tatu ni Sarcoptes scabiei, utitiri wa upele, ambao huchimba ndani ya ngozi. Humshika sungura puani, midomoni, kuzunguka macho na kwenye vidole, ukaacha magamba ya rangi nyeupe au kijivu na mwasho usiompa usingizi. Sungura mwenye upele mkali hudhoofika upesi na anaweza kufa. Huyu hasubiri wiki ijayo. Yupo pia Leporacarus gibbus, anayeshika unywele na kuonekana kama vumbi la kahawia. Kwa kawaida hana madhara makubwa.

Kabla ya dawa, hakikisha

Si kila anayejikuna ana utitiri, na si kila mwenye utitiri anajikuna. Choa humnyonyoa sungura manyoya kwa mabaka, na dawa yake ni ya kuvu. Kupukutisha manyoya kwa msimu huacha sehemu zenye upara unaotisha lakini ngozi yake ni safi. Mkojo unaolowesha mapaja huunguza ngozi. Kaswende ya sungura, inayosababishwa na bakteria Treponema paraluiscuniculi, huleta vigaga puani, midomoni na sehemu za siri, na kwa macho ya haraka hufanana sana na upele wa Sarcoptes. Tiba yake ni penisilini ya sindano. Penisilini ya kumeza humuua sungura kwa kuharibu bakteria wa tumboni, kwa hiyo kukosea hapa si jambo dogo.

Kwa daktari uchunguzi ni mwepesi na wa haraka. Utepe wa gundi wa uwazi hubandikwa kwenye mba na kutazamwa kwa hadubini. Kwa utitiri unaochimba, ngozi hukwanguliwa kidogo. Sikio hutazamwa kwa kifaa chenye taa. Wakati mwingine hadubini haioni kitu hata kama utitiri upo, kwa kuwa sungura hujisafisha mno na kuumeza. Ndiyo maana daktari mzoefu anaweza kuanza tiba kwa kufuata dalili, kisha akapima jibu la mwili. Hilo si kubahatisha.

Yai ndilo linalopanga ratiba

Dawa zinazotumika zaidi ni za familia moja: ivermektini, selamektini na moksidektini. Hufunga mishipa ya fahamu ya utitiri kupitia njia maalumu za kloridi ambazo mamalia hawana, nao utitiri ukapooza na kufa. Yai halina mfumo wa fahamu unaofanya kazi wa kupoozwa, na ganda lake linalikinga.

Sasa tazama siku. Kwa utitiri wa masikio, kutoka yai hadi mkomavu anayetaga ni karibu wiki tatu. Siku ya kwanza unapomtibu sungura, wakomavu na wachanga wanakufa. Mayai yaliyotagwa jana na juzi yanabaki. Siku chache baadaye yanaanguliwa. Wachanga hao wanahitaji muda kabla ya kutaga, na ndani ya muda huo, kwa kawaida siku ya 10 hadi ya 14, dozi ya pili inawakuta. Ukichelewa hadi mwezi, wamekwisha kutaga, nawe umerudi mwanzo. Dozi ya tatu, baada ya siku nyingine 10 hadi 14, ni ya kukamata waliorudi mwilini kutoka kwenye matandiko.

Utitiri wa manyoya una mzunguko mrefu zaidi, karibu wiki tano. Kwa hiyo tiba yake hunyooshwa hadi wiki sita au nane. Watu huacha njiani wiki ya tatu, mba ikishapungua, na hapo ndipo kazi yote inapotea. Andika tarehe zote za dozi kwenye kalenda siku ile ile unapotoka kwa daktari, na uzifuate hata kama sungura anaonekana mzima kabisa. Nasisitiza: hasa akionekana mzima.

Kipimo ni habari nyingine. Ivermektini ya sindano iliyozoeleka ina miligramu 10 kwa kila mililita moja na imetengenezwa kwa ng'ombe, ambako mililita moja ni ya kilo 50 za mnyama. Kipimo kinachotumika kwa sungura ni miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kila kilo ya uzito, chini ya ngozi. Sungura wa kilo mbili kwa kipimo cha juu anahitaji miligramu 0.8, yaani mililita 0.08. Hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya mililita. Mtu anayekadiria kwa jicho na bomba kubwa la sindano anaweza kumpa sungura mara tano au kumi ya anachostahili bila kujua. Dawa ikizidi sana hupenya hadi kwenye ubongo, na mnyama hulegea, huyumba, hupoteza uwezo wa kuona, huzirai. Vifaranga vya sungura wako hatarini zaidi. Hesabu hii nimeiweka hapa ili uone kwa nini inafaa kumpima sungura kwa mizani na kumwachia daktari bomba la sindano. Ivermektini iliwapa Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015, na sifa yake kubwa imewafanya wengi waichukulie kuwa dawa isiyodhuru. Inadhuru ikizidi.

Selamektini hudondoshwa kwenye ngozi ya kisogo, na kwa nyumba nyingi ndiyo rahisi kuliko zote. Mwili wa sungura huiondoa haraka kuliko mwili wa paka au mbwa, hivyo usifuate maelekezo ya pakiti yaliyoandikwa kwa wanyama hao. Daktari hupanga kipimo kwa uzito na hupanga pia umbali wa dozi. Idondoshe chini kabisa ya fuvu, ambako ulimi haufiki, na kama ana mwenzake anayemlamba, watenganishe mpaka pakauke. Siku hizi wapo madaktari wanaotumia fluralana, inayokaa mwilini muda mrefu na kwa hiyo kuyasubiri mayai yaanguliwe. Mwambie daktari pia kama sungura ana mimba au ananyonyesha.

Halafu fipronili. Hii ni dawa ya kawaida ya viroboto na kupe kwa mbwa na paka, na inauzwa sehemu nyingi bila maswali. Kwa sungura ni sumu. Huleta degedege, kukataa kula, na kifo, wakati mwingine siku kadhaa baada ya kupakwa. Soma jina la kiambato kwenye kila chupa kabla haijagusa manyoya, na ukiona jina hilo irudishe. Kama imeshapakwa, usisubiri dalili. Mpigie daktari saa hiyo hiyo.

Usiyoruhusiwa kuyafanya kwa huruma

Kigaga cha sikioni kinachukiza macho na mkono hutamani kukitoa. Usikitoe. Chini yake ngozi iko wazi na imejaa mishipa ya maumivu, na kukibandua ni kama kubandua plasta iliyogandamana na kidonda kibichi: damu hutoka, sungura hupiga kelele au huganda kwa hofu, na tangu siku hiyo hakuamini tena. Dawa ikifanya kazi, kigaga hulegea na kuanguka chenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kikiwa kinene mno, daktari anaweza kukilainisha na kukitoa sungura akiwa amelazwa kwa dawa.

Mafuta ya kula au ya madini sikioni ni mbinu ya zamani. Hulainisha kigaga na huziba pumzi ya baadhi ya utitiri, na huo ndio ukweli wake. Lakini hayafiki kwenye utitiri ulioko shingoni au mkiani, yanahitaji kurudiwa siku nyingi, na kama kiwambo cha sikio kimetoboka yanaingia mahali yasipotakiwa. Mafuta ya taa na oili chafu ya injini hayana nafasi kabisa. Sungura hujilamba mwili mzima, kwa hiyo chochote unachompaka ni kitu unachomlisha.

Kumwogesha nako ni hatari. Manyoya yake yakilowa hadi kwenye ngozi huchukua saa nyingi kukauka, joto la mwili hushuka, na akirusha miguu kwa hofu anaweza kujivunja uti wa mgongo. Sabuni ya mbwa ya kuua wadudu inaongeza sumu juu ya yote hayo.

Maumivu yapewe uzito wake. Sungura huyaficha, na sungura mwenye maumivu huacha kula. Akikaa karibu nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi, matumbo yanasimama, na hiyo ni dharura inayoweza kumuua kabla ya utitiri wenyewe. Omba dawa ya maumivu ya wanyama kutoka kwa daktari. Usimpe ya binadamu.

Banda, wenzake, na ngozi yako

Utitiri wa masikio unaweza kuishi nje ya mwili wa sungura hadi wiki tatu kukiwa na ubaridi na unyevu. Wa manyoya hudumu siku kumi hivi. Ndiyo sababu kila siku ya dozi iwe pia siku ya kusafisha: tupa nyasi na matandiko yote, tupa maboksi na vipande vya mbao visivyooshika, osha vitambaa kwa maji ya moto, fagia pembe na nyufa za banda. Kitana kilichomchana mgonjwa kioshwe kabla hakijamgusa mwingine. Kama una dawa ya kupuliza bandani, sungura asirudi humo mpaka pakauke na hewa ibadilike.

Tibu sungura wote wanaoishi pamoja, siku moja, hata asiyeonyesha dalili. Usiwatenganishe wawili waliozoeana kwa sababu ya utitiri. Wameshaambukizana, na utengano huleta msongo kwa wote wawili. Sungura mgeni ndiye wa kutengwa, mwezi mmoja, na masikio na manyoya yake yachunguzwe kabla ya kuingia.

Kuhusu wewe: utitiri wa masikio haukushiki. Wa manyoya unaweza kukuletea vipele vinavyowasha mikononi na tumboni, mahali unapompakatia. Hauzaliani kwenye ngozi ya mtu, na sungura akipona navyo huisha. Sarcoptes wa wanyama naye huwasha binadamu kwa muda, hivyo vaa glavu na funika mikono unapomhudumia. Mwasho usipokoma, nenda hospitali na utaje kwamba unafuga sungura.

Kwa nini yeye, kwa nini sasa

Hapa narudi kwenye mba inayotembea. Sungura mzima hujisafisha sehemu kubwa ya siku, na kwa kujisafisha huudhibiti utitiri wa manyoya. Ukiona umeongezeka ghafla kwa sungura wa miaka mitano ambaye hakuwahi kuwa nao, uliza ni nini kimemzuia kujisafisha. Na angalia mahali: katikati ya mabega na juu ya mkia, zile sehemu zinazohitaji mgongo uinuke na shingo igeuke.

Mara nyingi jibu liko mdomoni. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, ya mbele kwa karibu milimita mbili au tatu kila wiki, na yasiposagika hurefuka, yakapinda, yakachoma ulimi na mashavu. Sungura wa namna hiyo hajilambi, maana kujilamba kunauma. Wengine ni wanene mno kufikia mgongo wao. Wengine wana yabisi ya mgongo kwa uzee, na kila kujigeuza ni maumivu. Kuna pia walio wapweke, wasio na mwenzao wa kuwalamba kichwa na kisogo. Utampa dawa kwa utaratibu wote, dozi zote kwa siku zake, na miezi minne baadaye mba imerudi, kwa sababu meno ni yale yale.

Kwa hiyo kila sungura mwenye utitiri wa manyoya apimwe meno hadi ya nyuma, ambayo hayaonekani kwa kufunua midomo tu. Apimwe uzito. Aguswe mgongo na nyonga. Nyasi kavu ziwe sehemu kubwa ya chakula chake, kwa ajili ya meno na uzito kwa pamoja. Mzee anayeumwa viungo apewe dawa ya maumivu ya kudumu, na achanwe mgongo kila siku na mtu mwenye mkono mpole.

Wiki mbili au tatu baada ya dozi ya mwisho, mrudishe daktari kwa ukaguzi, sikio litazamwe hadi chini na gundi ibandikwe tena kwenye manyoya. Katikati ya tiba, usingoje tarehe hiyo ukiona kichwa kinapinda, macho yanachezacheza, usaha unatoka sikioni, au chakula kimebaki kama ulivyokiweka asubuhi. Kichwa kupinda kunaweza kutokana na sikio la ndani au na kimelea kingine kabisa, Encephalitozoon cuniculi, kinachoshambulia ubongo na figo, na hiki hakiguswi na dawa yoyote ya utitiri.